Gombo la Mwigizaji: Karatasi Pungufu na Maamuzi ya Jukwaani

Anayejifunza uigizaji leo, awe Dar es Salaam, Nairobi au London, hukabidhiwa mswada mzima na kuambiwa ausome tena na tena kabla hajafumbua kinywa. Ajue kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Ajue wenzake wanasemaje juu ya mhusika wake akiwa hayupo. Atafute mhusika huyo anataka nini katika kila onyesho, na hapo ndipo aamue atakavyosimama, atakavyotazama na neno lipi atalikazia. Ushauri huu hutolewa kana kwamba umekuwapo tangu na tangu, lakini historia inasema vingine. Kwa karne tatu hivi, katika jukwaa la Waingereza ambalo ndilo lililoipa dunia Shakespeare, mwigizaji wa kulipwa hakupewa mswada mzima. Alipewa maneno yake mwenyewe tu, na kabla ya kila kauli yake akaandikiwa maneno mawili matatu ya mwisho ya yule atakayemtangulia kusema. Mengine yote angeyasikia mbele ya watu. Hamlet, Othello na King Lear ziliigizwa mara ya kwanza na watu walioshika karatasi za namna hiyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba upungufu huo haukuwa kilema kilichovumiliwa kwa kukosa njia bora. Ulikuwa nyenzo ya kazi. Uamuzi wenye nguvu jukwaani huzaliwa pale mwigizaji anapomsikia mwenzake kwa kweli, na karatasi pungufu ilimlazimisha asikie. Mswada mzima ulipofika mkononi mwake ulimletea faida kubwa, ila uliondoka na shurutisho hilo, na watu makini wa fani hii wamehangaika sana kulirudisha.

Ushahidi mkuu ni kitu kimoja kinachohifadhiwa Dulwich, kusini mwa London, katika chuo alichokiasisi mwigizaji Edward Alleyn mwaka 1619. Alleyn ndiye aliyekuwa nyota wa kampuni ya Admiral's Men katika miaka ya 1590, na miongoni mwa karatasi alizoziacha imo sehemu ya nafasi ya Orlando katika tamthiliya ya Robert Greene iitwayo Orlando Furioso. Ni vipande vya karatasi nyembamba, upana wake takriban sentimita 15, vilivyogandishwa kimoja chini ya kingine hadi vikawa gombo refu la kukunjwa na kukunjuliwa. Mwandishi wa kampuni amenakili kauli za Orlando peke yake. Kati ya kauli na kauli umepigwa mstari mrefu, na mwisho wa mstari, upande wa kulia, yapo maneno machache: hicho ndicho kidokezo. Jina la atakayeyatamka halikuandikwa. Haikuandikwa pia ni baada ya muda gani yatatamkwa, kwa hiyo Orlando angeweza kusubiri pumzi moja au hotuba nzima. Mahali mahali mnakili aliacha pengo, bila shaka kwa kushindwa kuusoma mwandiko wa mtunzi, na mkono mwingine, unaodhaniwa kuwa wa Alleyn mwenyewe, umejaza. Mapengo hayo yananigusa kuliko chochote kingine katika gombo hili, kwa kuwa yanamwonyesha mtu wa kazi aliyeinamia maneno yake na kuyahakiki moja moja. Hakuwa kasuku. Gombo lilimpa Alleyn safari yote ya Orlando kutoka mapenzi hadi wazimu na kutoka wazimu hadi kurudiwa na akili, likamficha karibu kila kitu kingine.

Sababu za kugawa mswada namna hii zilikuwa za biashara. Kunakili kwa mkono ni kazi ya muda na fedha, na nakala nzima ikizagaa ingeweza kufika kwa mchapaji au kwa kampuni shindani. Ratiba nayo ilibana kwa namna ambayo mwigizaji wa leo hawezi kuidhani. Philip Henslowe, mwenye jumba la Rose na baba wa kambo wa mkewe Alleyn, aliweka daftari la mapato ambalo limesalia, nalo linaonyesha kwamba kuanzia Juni 1594 hadi Juni 1595 kampuni ya Admiral's Men ilicheza tamthiliya 38, na 21 kati yake zilikuwa mpya. Walicheza siku sita za wiki, na ilikuwa nadra tamthiliya moja kurudiwa siku ya pili yake. Kwa ukubwa wa kazi hiyo, mazoezi ya pamoja yalikuwa machache mno. Upo mkataba wa mwaka 1614 kati ya mwigizaji Robert Dawes na Henslowe na mshirika wake, ambao faini zake zinatuonyesha nini kilithaminiwa. Kuchelewa mazoezini ni peni 12. Kukosa mazoezi yote ni shilingi 2. Kutokuwa tayari na mavazi saa tisa alasiri, onyesho linapokaribia, ni shilingi 3. Kukutwa amelewa saa ya onyesho ni shilingi 10, na kutofika kabisa ni shilingi 20. Mazoezi yalikuwapo, tena yalikuwa na sheria zake, lakini aliyeyakosa alilipa sehemu moja ya tano tu ya faini ya mlevi. Kazi kubwa ya mwigizaji ilifanyika faraghani, yeye na gombo lake, pengine akiwa na mwalimu wa kumwelekeza. Nyuma ya jukwaa palitundikwa ubao wenye orodha ya nani aingie lini, na mmojawapo ungali Dulwich hadi leo, na tundu lake la kutundikia lingalipo.

Je, mtu aweza kuamua lolote la maana akiwa na karatasi kama hiyo? Shakespeare mwenyewe ametuachia picha ya kazi hii katika A Midsummer Night's Dream, pale mafundi wa Athens wanapojiandaa kuigiza mbele ya mtawala wao. Peter Quince anawagawia sehemu zao. Snug, ambaye ni seremala, anaomba ya simba kama imeshaandikwa, maana yeye ni mzito wa kukariri. Msituni mazoezi yanapoanza, Flute, fundi wa mivukuto, anasoma sehemu yake yote kwa mkupuo, pamoja na vidokezo, na Quince anamkaripia. Utani huo hauchekeshi mpaka hadhira iwe inajua gombo ni nini na linatumikaje. Tena unaeleza mengi juu ya ufundi wenyewe, kwa sababu kosa la Flute ni kusema bila kumsubiri mtu. Maneno yake ameyajua yote, ila hajajua kwamba kila kauli ni jibu, na jibu haliji kabla ya swali. Mwigizaji mwenye gombo alipaswa kutega sikio muda wote awapo jukwaani, hata katika zile dakika ambazo kwa mwigizaji wa leo ni za kupumzika, kwa sababu kidokezo kingeweza kutoka kinywani mwa yeyote na wakati wowote.

Mfano ulio wazi zaidi ninaujua kutoka tamthiliya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo tangu 1969, Mwalimu Nyerere alipoitoa kwa jina la Mabepari wa Venisi. Katika onyesho la tatu la tendo la tatu, Antonio amekamatwa na anapitishwa njiani na askari jela, akijaribu kumsihi Shylock. Shylock hataki kusikia. Anarudia mara nyingi, kwa maneno yaleyale, kwamba hati yake atailipiza, kisha anaondoka. Simon Palfrey na Tiffany Stern, katika kitabu chao cha mwaka 2007 juu ya Shakespeare na sehemu hizi za waigizaji, waliona jambo ambalo mswada mzima unalificha. Baada ya Shylock kutoka, anayesema ni rafiki wa Antonio aliyekuwa amesimama pembeni. Kidokezo chake ni yale yale maneno ya mwisho ya Shylock juu ya hati. Lakini Shylock amekwisha kuyatamka maneno hayo pumzi chache nyuma, tena na tena. Mwigizaji wa rafiki, mwenye gombo tu, anayasikia, anadhani zamu yake imefika, anafumbua kinywa, Shylock anaendelea. Anajaribu tena, Shylock bado anaendelea. Tazama sasa kilichomo katika gombo la Shylock baada ya kila marudio: ni amri ya kunyamazishana, kwamba asisemeshwe, kwamba hataki maneno. Ukiwa umekaa unasoma kitabu, amri hizo ni mapambo ya hasira. Zikiwa jukwaani, Shylock anazitamka huku watu wakimkatiza kwelikweli, naye analazimika kuwafunika kwa sauti au kuwageukia na macho yake. Shylock anayepigiwa kelele na Wakristo wawili barabarani si sawa na Shylock anayehutubia mtu aliyefungwa. Tofauti hiyo ya tafsiri, ambayo mwongozaji wa leo angeijadili kwa wiki nzima, hapa imepandwa ndani ya karatasi, na waigizaji wanaifikia kwa kusikilizana tu.

Upo upinzani wa haki dhidi ya hoja hii, na wa kwanza ni kwamba tunasimama juu ya gombo moja. Ni kweli kwamba la Alleyn ndilo pekee la jukwaa la kulipwa la enzi ya Shakespeare lililobaki hadi leo. Ila desturi yenyewe haikuishia hapo. Sehemu za waigizaji za karne ya 18 na ya 19 zimo nyingi katika maktaba, zikiwa na mpangilio ule ule wa kauli na kidokezo, na kichekesho cha Flute ni ushahidi wa aina nyingine wa desturi hiyohiyo. Upinzani wa pili ni mzito zaidi. Inasemwa kwamba waigizaji hao hawakuamua chochote: vijana waliocheza nafasi za kike walifundishwa na mabwana zao kila mkao na kila lafudhi, na watu wazima walicheza aina moja ya mtu maisha yao yote, mfalme awe mfalme na mpumbavu awe mpumbavu. Nakubali kwamba kuiga kulikuwa msingi wa mafunzo, kama kulivyo msingi wa mafunzo ya kila ufundi wa mkono. Lakini Richard Burbage, ambaye katika mashairi ya kumlilia alipofariki mwaka 1619 alitajwa kwa nafasi za Hamlet, Lear na Othello, hawezi kuelezwa kwa aina moja ya mtu. Kijana mwenye kusitasita, mzee aliyepoteza akili na jemadari aliyerogwa na wivu hawana mkao mmoja. Tena, hata aliyefundishwa namna ya kutamka hakuweza kufundishwa lini atakatizwa. Jambo hilo halikuwa na mwalimu, lilikuwa la pale pale.

Upinzani wa tatu unasema mshangao huisha. Mara ya kwanza Shylock anakatizwa kwa bahati mbaya. Mara ya tano kila mtu anajua. Hilo nalo ni kweli, na anayedai kwamba nguvu ya gombo ilikuwa mshangao tu atashindwa hapo. Mimi naona nguvu yake ilikuwa katika mazoea yaliyojengwa. Mtu aliyeishi miaka kumi jukwaani akilazimika kusikiliza ili ajue zamu yake imefika, hasikilizi kwa adabu wala kwa ufundi wa kujifanya. Anasikiliza kama baharia anavyosikiliza upepo, kwa sababu riziki yake imo humo. Mazoea hayo yanabaki hata siku ambayo tamthiliya imeshakaririwa yote.

Mgongano wa kweli kati ya sehemu na mswada mzima ulitokea karne ya 18, na hautajiki bila majina ya wanawake wawili. Hannah Pritchard, aliyefariki mwaka 1768, alikuwa Lady Macbeth aliyesifiwa kuliko wote wa zama zake, akicheza pamoja na David Garrick. Samuel Johnson, yule mwanakamusi, alidai kwamba mama huyo hakuwahi kuisoma Macbeth yote. Alikuwa na sehemu yake tu, na Johnson akamfananisha na fundi viatu asiyejali ngozi anayoikata ilitoka katika mnyama gani. Msimulizi wake Boswell akaliandika hilo, na tangu hapo limekuwa silaha ya kila anayewadharau waigizaji wa zamani. Mimi nalisoma kinyume. Mwanamke asiyeisoma Macbeth nzima ndiye aliyeiteka London kwa nafasi ngumu kupita zote za kike katika tamthiliya hizo. Kama Johnson alisema kweli, basi hoja ya kwamba uamuzi mzuri hauwezekani bila mswada wote imevunjwa na shahidi wake mwenyewe.

Kisha akaja Sarah Siddons. Tarehe 2 Februari 1785, katika jumba la Drury Lane, alicheza Lady Macbeth kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa London, na onyesho la kutembea usingizini likawa jambo la kusimuliwa. Tangu enzi za Pritchard ilikuwa desturi kwamba mshumaa hautoki mkononi mwa Lady Macbeth tangu aingie mpaka atoke. Siddons aliamua kuutua mezani. Sheridan, meneja wa jumba, alimfuata chumbani kabla hajapanda jukwaani akimwomba asithubutu, watu wataliona kama utovu wa adabu kwa kumbukumbu ya Pritchard. Siddons akakataa. Sababu yake ilikuwa nyepesi ajabu: mwanamke huyu anaosha mikono, anaisugua kutoa doa la damu asiloliona mwingine, na mikono miwili haisuguani ikiwa mmoja umeshika mshumaa. Hadhira ilikubali, na Sheridan akarudi kumpongeza kwa ukaidi wake. Wanaoutetea mswada mzima humtumia Siddons kama mfano wao, maana alikuwa msomaji, alijifungia na nafasi hii usiku, akaacha na maandishi marefu juu ya tabia ya Lady Macbeth. Lakini huo uamuzi wa mshumaa ulitoka wapi? Haukutoka katika matendo ya Macbeth, wala katika historia ya Uskoti, wala katika dhamira kuu ya tamthiliya. Ulitoka katika sehemu yake mwenyewe, katika kauli zile zile ambazo Pritchard alikuwa nazo kwenye karatasi yake. Siddons alizisoma kwa mikono. Na usomaji wake wa mswada mzima ulimpa nini? Katika maandishi yake anamwaza Lady Macbeth kuwa mwanamke mwororo, mweupe, dhaifu wa mwili, anayemtawala mumewe kwa uzuri wake. Walioliona onyesho walisimulia mwanamke wa kutisha, mwenye kimo na mamlaka. Fikra aliyoipata kwa kuisoma tamthiliya yote haikufika jukwaani, mshumaa ulifika.

Karne ya 19 ilileta vitabu vya bei nafuu, mwongozaji mwenye mamlaka, na mwishoni mwake mji wa Moscow. Hapo ndipo uigizaji tunaofundishwa leo ulipozaliwa, na hadithi yake husimuliwa kama ushindi wa mswada mzima. Tamthiliya ya Anton Chekhov, Chaika, iliporomoka huko St Petersburg mwaka 1896, na maandalizi ya haraka yalichangia. Miaka miwili baadaye, Desemba 1898, jumba jipya la Sanaa la Moscow lililoasisiwa na Konstantin Stanislavsky na Vladimir Nemirovich-Danchenko liliirudisha baada ya saa 80 hivi za mazoezi, jambo geni wakati huo, ikafaulu hata shakwe, ndege anayeipa tamthiliya hiyo jina lake, akawa nembo ya jumba hilo. Kinachosahauliwa ni namna saa hizo zilivyotumika. Stanislavsky alikuwa amejitenga katika shamba la kaka yake karibu na Kharkov, akaandika mpango wa kila kitu: nani anakwenda wapi, ananyamaza muda gani, vyura wanalia lini, mbwa wanabweka lini. Waigizaji walifika mazoezini maamuzi yakiwa yamekwisha kufanywa. Na Stanislavsky mwenyewe, aliyecheza Trigorin, yule mwandishi mashuhuri anayempumbaza binti Nina, alivaa suti nzuri nyeupe na kujibeba kwa madaha. Chekhov alipoiona mwaka 1899 alimwambia maneno machache ambayo hakuyafafanua, kwamba Trigorin anavaa suruali ya mirabaraba na viatu vilivyotoboka. Stanislavsky anakiri katika kumbukumbu zake kwamba hakuelewa, na ilimchukua zaidi ya mwaka mpaka, akicheza nafasi hiyo tena, akagutuka: Nina hampendi Trigorin, anapenda ndoto yake mwenyewe, na kadiri mtu anayependwa anavyokuwa wa kawaida ndivyo msiba wa binti unavyokuwa mkubwa. Mtu huyu alikuwa na mswada mzima, alikuwa na mpango alioutunga mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, na kitovu cha nafasi yake kilimpita. Kilichokuja kumfumbua macho kilikuwa kidogo kama kidokezo cha gombo: maneno mawili matatu, bila maelezo, yakimwachia kazi ya kujaza mengine.

Sidai kwamba viatu vilivyotoboka vinathibitisha hoja yangu yote. Vinaonyesha tu kwamba wingi wa maarifa si sawa na uamuzi. Stanislavsky mwenyewe ndiye aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi. Kwa miaka mingi alikuza kazi ya mezani, waigizaji wakikaa wiki kadhaa kuuchambua mswada na kugawa kila onyesho katika vipande na malengo. Sehemu kubwa ya yale yaliyovuka bahari na jumba lake lilipozuru Marekani mwaka 1923, na yakakuzwa huko na Lee Strasberg na wenzake, ni ya kipindi hicho, pamoja na kumbukumbu za hisia ambazo Stella Adler alikuja kuzipinga baada ya kukutana na mzee mwenyewe huko Paris mwaka 1934. Lakini nyumbani kwake mzee alikuwa amekwisha kugeuka. Moyo ulimshinda jukwaani mwaka 1928, akaacha kuigiza, na katika miaka yake ya mwisho aliwaita waigizaji nyumbani, katika kichochoro cha Leontyevsky, kuifanyia kazi Tartuffe ya Molière. Vasily Toporkov, aliyekuwa Orgon, ameacha simulizi ya mazoezi hayo. Mzee aliwakataza kukariri maneno. Aliwataka kwanza wagawane vyumba kana kwamba ndimo ilimoishi familia ya Orgon, wajue nani analala wapi, nani anamkwepa nani ukumbini, nani atafanya nini mgeni huyu mnafiki akishuka ngazi. Alikuwa ameona kwamba mwigizaji anayetoka mezani baada ya miezi anakuja na kichwa kilichojaa na moyo usio na kitu, na kwamba maneno yaliyokaririwa mapema huganda ulimini, yakatoka vile vile hata mwenzake aseme nini.

Hapo ndipo ninapoona njia mbili zikikutana, moja ya dhiki na nyingine ya hekima. London ya 1594 haikuwa na muda wala karatasi, kwa hiyo ilimnyima mwigizaji maneno ya wenzake. Moscow ya 1938 ilikuwa na muda wote na mswada wote, na mwalimu wake mkuu akawanyima waigizaji maneno yao wenyewe kwa makusudi, ili wabaki na kitu kimoja cha kushughulika nacho: mtu aliye mbele yao. Tofauti za enzi na siasa na mtindo ni kubwa mno, na hakuna dalili kwamba Stanislavsky alikuwa akimfikiria Alleyn. Ndiyo maana kukutana kwao kuna uzito. Watu wawili wasiojuana wakifika kisima kimoja, ni kwamba maji yapo. Wapo pia waliojaribu kurudi kwa miguu: katika miaka ya 1990 Patrick Tucker na kampuni yake walicheza tamthiliya za Shakespeare kwa magombo, bila mazoezi ya pamoja, hata katika jumba la Globe lililojengwa upya London, na huko Staunton, Virginia, kuanzia 2005 pakawa na msimu wa kila mwaka usio na mwongozaji, waigizaji wakishika sehemu zao tu. Maonyesho hayo yana makosa, na mkumbushaji hakosi kazi. Lakini hakuna anayezubaa jukwaani.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kusema kwamba haya si mageni kwetu. Vichekesho vya jukwaani na vya redioni vimeishi miaka mingi bila mswada kamili. Kikundi hukubaliana kisa, nani ni nani na kiishie wapi, na maneno hupatikana humo humo. Filamu nyingi za Kiswahili nazo zimetengenezwa hivyo. Ni utajiri, na waigizaji waliokulia humo wana sikio ambalo wengi waliosoma darasani hawana. Lakini si kitu kimoja na gombo. Mwigizaji wa kichekesho yuko huru kubadili jibu lake kulingana na alichosikia, na akikwama anaweza kukimbilia mzaha uliozoeleka. Mwenye gombo hana ruhusa hiyo. Maneno yake yamefungwa, neno kwa neno, na mwenzake ndiye asiyejulikana. Kwa hiyo uhuru wake wote unahamia kwenye namna ya kusema, na hapo ndipo uamuzi unapopata makali.

Hali ya mwigizaji wa tamthilia za televisheni ni ngumu zaidi, na hailingani na gombo ingawa wengine hudhani hivyo. Yeye hukabidhiwa kurasa za siku hiyo, mara nyingine asubuhi ya kurekodi, zikiwa na maneno ya wote walio katika onyesho. Vipindi vya mbele havijaandikwa, au vimeandikwa na havijamfikia, na maonyesho hurekodiwa kwa kufuata mahali badala ya kisa. Ukilinganisha, utaona kwamba amepewa kinyume kabisa cha alichopewa Alleyn. Gombo lilimwonyesha Alleyn njia yote ya mhusika wake na kumficha wenzake. Kurasa za siku zinamwonyesha mwigizaji wetu wenzake wote, hadi kila watakalojibu, na kumficha njia yake mwenyewe. Hawezi kushangazwa na mtu aliye mbele yake, na wala hawezi kujua hasira ya leo ni ya mwanzo au ya mwisho. Malalamiko yake kwa watayarishaji kwa kawaida ni kwamba anapewa kurasa chache. Angekuwa na haki zaidi kama angeomba kauli zote za mhusika wake, za msimu mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama hizo tu ndizo atakazopewa.